Taarifa ya Habari Nayo ni Waraka wa Umma

Mtu atakaye kujua gazeti liliandika nini Mombasa au Unguja miaka arobaini iliyopita ana mahali pa kwenda: ataingia maktaba au hifadhi ya nyaraka, ataandika ombi lake, ataketi, na ikiwa mchwa na unyevu hawakumtangulia, ataletewa jalada aligeuze ukurasa kwa ukurasa mpaka aipate siku aitakayo. Lakini mtu huyo huyo akitaka kuiona taarifa ya habari ya televisheni iliyosomwa usiku wa siku ile ile, hana mlango awezao kuubisha kwa haki; atategemea hisani ya kituo, kumbukumbu ya mtunza kanda ambaye pengine amekwisha kustaafu, na bahati. Muradi wa makala haya ni kudai kwamba tofauti hiyo haina hoja ya kuitetea, na kwamba sheria iliyomlazimu mchapaji wa kitabu na gazeti kuweka nakala kwa ajili ya umma yapasa sasa imfikie na mwenye kituo cha televisheni.

Televisheni si mgeni tena kwetu. Kenya iliipata mwaka 1962, kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa, na Uganda ikafuata mwaka 1963. Zanzibar ilianza mwaka 1973, nayo ilianza kwa rangi, wakati ambapo nchi nyingi za Kiafrika zilizo kusini ya Sahara zilikuwa zikitazama picha nyeusi na nyeupe, au hazitazami chochote. Tanzania Bara, kwa khiari ya serikali ya Mwalimu Nyerere iliyohesabu chombo hicho kuwa anasa isiyolingana na haja za taifa maskini, ilikaa bila ya televisheni hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipofungua njia, na cha serikali kikaja baadaye. Na tazama mambo yaliyoingia katika miaka mitano tu baada ya hapo: uchaguzi wa vyama vingi wa Oktoba 1995, kuzama kwa meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, mabomu ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, na kifo cha Mwalimu mwenyewe tarehe 14 Oktoba 1999. Kizazi kilichozaliwa baada ya hayo sasa ni watu wazima wenye watoto, na tarikhi hiyo, kwa kadiri ilivyoonekana kwa macho, imeandikwa juu ya utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma.

Ili kufahamu kwa nini taarifa ya habari hupotea upesi kuliko gazeti, hatuna budi kutazama jinsi ilivyokuwa ikitengenezwa. Katika miaka ya hamsini na sitini, na kwa vituo vingi vya dunia hadi katikati ya miaka ya sabini, habari za mjini zilipigwa kwa filamu ya upana wa milimita 16. Filamu hiyo ilisafishwa upesi, ikakatwa kwa mkasi na kuungwa, na jioni ile ile ikapitishwa mtamboni. Na kwa kuwa aghalabu ilikuwa ya aina itoayo picha kamili pasi na negativu, kipande kilichotoka ndani ya kamera ndicho kilichorushwa hewani, wala hapakuwa na cha pili. Msomaji wa habari alisoma akiwa hewani, na maneno yake yakaishia huko huko, kwa sababu hapakuwa na aliyeona haja ya kuyanasa. Kwa hiyo hata pale ambapo kituo kilihifadhi filamu zake, mara nyingi kilichobaki ni picha za watu wasio na sauti wakipanda ngazi za mahakama au wakishuka katika ndege, ambao mtafiti wa leo hawezi kuwatambua mpaka aipate karatasi aliyoisoma mtangazaji.

Kisha ikaja kanda ya sumaku. Kampuni ya Ampex ya Kalifornia iliionyesha mashine yake mwaka 1956, na kanda moja ya saa moja iliuzwa kwa takriban dola 300, bei iliyokuwa kubwa mno zama hizo, hata ikawa ada ya vituo kuifuta kanda na kurekodi juu yake tena na tena. Baadaye, tangu mwaka 1971, zikaja kanda ndogo za U-matic zilizowekwa ndani ya kasha, na kamera za kubebeka begani, na filamu ikaachwa. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mtu asiye wa kazi hii hulidhania kuwa kinyume cha akili: katika miji kadhaa ya Marekani ni rahisi zaidi kuziona habari za mwaka 1965 kuliko za mwaka 1980. Filamu haikuweza kutumiwa mara ya pili, basi ikatupwa stoo na kusahauliwa, na kusahauliwa kukawa salama yake. Lakini kanda iliweza kutumiwa tena, na ubora wake huo ndio uliokuwa maangamizi ya yaliyokuwamo. Wahariri waliofanya hivyo hawakuwa wajinga wala maadui wa tarikhi. Walikuwa na bajeti ndogo, na habari ya kesho iliyohitaji kanda leo.

Mtu mmoja aliyestushwa na hali hiyo alikuwa Paul Simpson, mfanya biashara ya bima wa mji wa Nashville, ambaye mwaka 1968 alizuru mashirika makubwa ya televisheni New York akaambiwa kwamba taarifa za habari za kila usiku hazihifadhiwi zaidi ya majuma mawili hivi. Akarudi kwao, akakishawishi Chuo Kikuu cha Vanderbilt, na tarehe 5 Agosti mwaka huo kazi ya kunasa taarifa za jioni ikaanza. Shirika la CBS likakishitaki chuo hicho mwaka 1973, na mzozo haukutulia mpaka sheria ya hakimiliki ya mwaka 1976 iliporuhusu maktaba kunasa taarifa za habari kwa ajili ya utafiti. Walakin hazina ile ilikuwa ya habari za taifa zima. Habari za miji, za baraza la halmashauri na mgomo wa wazoa taka, hazikuwamo, na hizo ndizo zilizo rahisi kupotea, kwa kuwa hapana mwingine popote duniani aliyezirekodi.

Thamani ya habari hizo za mji haionekani vyema zaidi kuliko katika kisa cha Jackson, mji mkuu wa jimbo la Mississippi, na kituo chake cha WLBT kilichoanza mwaka 1953. Takriban asilimia 45 ya watu wa eneo lililofikiwa na matangazo ya kituo hicho walikuwa Weusi, na hao karibu hawakuonekana katika kioo chake ila kwa sifa mbaya. Matangazo ya kitaifa yaliyogusa haki zao yalikatizwa, na watazamaji wakaambiwa kwamba mitambo imeharibika. Medgar Evers, katibu wa chama cha kutetea haki za Weusi katika jimbo hilo, alidai kwa miaka mingi nafasi ya kujibu, na alipoipata hatimaye, tarehe 20 Mei 1963, alizungumza kwa dakika 17 juu ya maisha ya watu wake katika mji ule. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake.

Mchungaji Everett Parker, wa ofisi ya mawasiliano ya Muungano wa Kanisa la Kristo, aliazimia kukiondolea kituo hicho leseni. Lakini alijua kwamba mbele ya tume ya utangazaji malalamiko pasi na ithibati ni maneno matupu, na kwamba matangazo, tofauti na gazeti, hayabaki mkononi mwa mlalamikaji. Basi akapanga watu wa kujitolea, wakafunzwa kwa siri kwa kuhofia madhara, na kwa juma moja, tangu tarehe 1 hadi 7 Machi 1964, wakaketi mbele ya televisheni wakaandika kila kilichopita: nani alionekana, kwa muda gani, aliitwaje, na nani hakuonekana. Wazee wetu waliposema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wakiwausia wafanya biashara, lakini hapana mausia yaliyo sawa zaidi na kazi ile. Kwani daftari lile la siku saba ndilo lililokuwa msingi wa shauri zima. Tume iliwakatalia kwa hoja kwamba mtazamaji si mhusika kisheria. Mwaka 1966 mahakama ya rufani ya Washington, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Warren Burger, ikaitengua kauli hiyo na kutamka kwamba watazamaji wana haki ya kusikilizwa. Na mwaka 1969 mahakama hiyo hiyo ikaifuta leseni ya kituo.

Kisa hicho kina mwisho wa pili, usiosimuliwa sana. Filamu za habari za WLBT, za tangu mwaka 1954 hadi 1971, zimehifadhiwa leo katika Idara ya Nyaraka na Historia ya jimbo la Mississippi, na wajao kuzitazama ni wanafunzi na watafiti wa harakati zile zile ambazo wenye kituo wa zama hizo hawakutaka zionekane. Aliyezipiga hakuwa na nia ya kuwahudumia, na hata hivyo amewahudumia: kamera iliyotumwa kumpiga meya iliwanasa na waandamanaji waliopita nyuma yake, majina ya maduka waliyoyasusia, nyuso za askari, na mitaa iliyokwisha kuvunjwa. Ndiyo maana hifadhi ya habari haipaswi kuwa ya habari njema tu, wala ya vituo vyema tu. Taarifa ya habari yenye upendeleo ni ushahidi wa upendeleo, na mwenye kuifuta kwa aibu huwa amewaondolea waliodhulumiwa shahada yao.

Nasi tunayo mambo yetu yanayofanana na hayo. Tarehe 27 Januari 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza bungeni kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge, na tarehe 30 Januari 2018 mamlaka za Kenya zilizima matangazo ya NTV, KTN News na Citizen siku Raila Odinga alipoapishwa na wafuasi wake katika bustani ya Uhuru. Sitaki hapa kuamua nani alikuwa na haki. Nataka kusema tu kwamba mwanahistoria wa mwaka 2060 atakayetaka kuamua atahitaji kuona kilichorushwa siku hizo kituo kwa kituo, na wapi kioo kilizimwa, na vituo vilivyobaki hewani vilionyesha nini saa ile ile; na hayo hayatapatikana katika vipande vilivyochaguliwa baadaye na wenye maslahi.

Hapa yupo atakayesema kwamba zama za wasiwasi huo zimepita, kwa kuwa vituo vyetu leo huweka habari zao katika YouTube, na kila mwenye simu ni mwenye maktaba. Hoja hiyo yapendeza lakini haisimami. Kampuni ya kigeni iliyotoa nafasi hiyo bure haikuahidi kuitunza milele; akaunti hufungwa, video hufutwa kwa amri au kwa shauri la hakimiliki, na mwenye kituo akibadilisha mmiliki huondoa asiyoyapenda bila ya kumwarifu mtu. Fauka ya hayo, kinachowekwa huko aghalabu ni habari moja moja zilizotenganishwa, ilhali taarifa ya habari ina mpangilio wake, na mpangilio huo ni kauli. Habari gani ilitangulia, ipi ilipewa dakika nne na ipi sekunde ishirini, mafuriko ya Jangwani yaliwekwa kabla ya ziara ya waziri au baada yake: hayo ndiyo yatuonyeshayo jamii iliyatukuza mambo gani usiku ule, na huonekana katika taarifa nzima tu.

Wa pili atasema kwamba nchi isiyo na dawa za kutosha katika zahanati haina fedha za kutunza kanda. Namjibu kwamba tumekwisha kuamua, na kwa haki, kwamba nyaraka ni miongoni mwa mambo yanayostahili fedha. Kumbukumbu za utawala wa Wajerumani zilizo katika hifadhi ya taifa ya Tanzania ziliandikwa katika daftari la UNESCO la Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na mkusanyo wa maandishi ya Kiarabu ulio Zanzibar ukaandikwa mwaka 2003, na hapana aliyesema kwamba fedha za kuzitunza zilikuwa israfu. Ikiwa twaona fahari kuihifadhi barua ya ofisa wa Kijerumani aliyewatoza babu zetu kodi ya kichwa, je, si zaidi sana sauti na uso wa mwenyeji wa Pemba aliyehojiwa mlangoni mwake kwa lugha yake? Na gharama yenyewe huongezeka kwa kungoja. Gundi inayoushika unga wa sumaku hunyonya unyevu, na hewa ya pwani yetu ina unyevu maridhawa. Utepe hunata, hukwama mashinani, na kuokolewa kwake hutaka upashwe moto kwa kiasi katika tanuri maalumu kabla ya kuchezwa. Mashine za kuzichezea kanda hizo hazitengenezwi tena, na vipuri vyake huondolewa katika mashine zilizokufa. Kila saa ya kanda yataka saa nzima ya kuihamisha, wala hapana njia ya mkato. UNESCO na jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha zilipotoa ilani yao juu ya kanda za sumaku zilitaja mwaka 2025 kuwa ukingo ambao baada yake kazi hiyo itakuwa ngumu na ghali mno, na ukingo huo hauko mbele yetu tena.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni hofu kwamba hifadhi ikiwa mikononi mwa dola, dola itakuwa na mkasi. Hofu hii si ya kudharauliwa. Marion Stokes, mkutubi wa zamani wa Philadelphia, alitumia zaidi ya miaka thelathini ya umri wake kurekodi televisheni usiku na mchana nyumbani kwake, kwa sababu hakuwaamini wenye mamlaka wala wenye vituo kuitunza kweli. Alipofariki mwaka 2012 aliacha kanda zipatazo 70,000, ambazo hazikuwa na pa kwenda mpaka shirika la Internet Archive la San Francisco lilipozipokea. Lakini taifa haliwezi kutegemea ghera ya mtu mmoja na vyumba vya nyumba yake. Dawa ya mkasi ni wingi wa nakala: moja ibaki kituoni, ya pili iwe katika hifadhi ya nyaraka za taifa, ya tatu iwekwe katika chuo kikuu, na iwe marufuku kwa yeyote kati ya hao watatu kuiondoa bila ya wengine kujua.

Mfano wa sheria upo, nao ni mkongwe. Ufaransa iliamuru mwaka 1537, kwa tamko la mfalme Francois wa Kwanza, kwamba hakitauzwa kitabu chochote ambacho nakala yake haikuwekwa katika maktaba yake. Na mwaka 1992 wajibu huo huo ukapanuliwa kwa sheria ukavifikia redio na televisheni, na taasisi iitwayo INA, iliyoanza kazi mwaka 1975, ikapewa amana ya kuyapokea matangazo. Hapakuwa na falsafa mpya hapo. Lilikuwa ni tamko tu kwamba kilicholetwa mbele ya umma ni sehemu ya kumbukumbu ya umma, kiwe kimechapwa au kimerushwa. Kenya na Tanzania zinazo sheria za kuweka nakala za vitabu na magazeti. Kinachohitajika ni kuupanua wajibu huo, na kuufunga pamoja na leseni ya utangazaji, ili kituo kinachotumia masafa ambayo ni mali ya wananchi kiwaachie wananchi nakala ya kile kilichowaambia.

Sheria hiyo iwe na mipaka ya insafu. Kuweka nakala si kutangaza upya, na hakimiliki ya kituo ibaki kwake. Mtafiti atazame katika jumba la hifadhi, na atakayetaka kuitumia picha katika biashara alipe. Picha za watoto, za maiti waliotambulika, na za watuhumiwa walioachiwa huru na mahakama ziwekewe muda wa kufungwa, kama zifungwavyo nyaraka nyingine za siri kwa miaka maalumu. Na vituo vidogo vya mikoani visitwishwe mzigo usiobebeka: faili moja la taarifa ya usiku, pamoja na orodha ya habari zake, majina na mahali, halimgharimu mtu jambo kubwa leo, ikilinganishwa na gharama ya kuitafuta picha hiyo baada ya miaka thelathini.

Kwa kanda za zamani kazi ya kwanza haihitaji hata sheria. Kila kituo, cha umma na cha binafsi, chaweza kuhesabu kanda zilizomo katika stoo yake, aina zake, hali zake na mashine zilizo hai, na kuwaita wapiga picha, wahariri na watangazaji waliostaafu waziangalie na kutaja nani ni nani. Kanda isiyo na maandishi juu ya kasha lake yaweza kuhamishwa ikawa safi na bado ikawa haina maana, maadam hapana ajuaye kwamba yule aliyesimama kushoto ni nani na jukwaa lile lilikuwa uwanja gani. Watu wajuao hayo wapo Zanzibar, Nairobi na Dar es Salaam, lakini umri wao umekwenda, na wala hawajaulizwa.

Waliofuta kanda za miaka iliyopita kwa sababu hawakuwa na fedha za kununua nyingine wana udhuru ambao mwanahistoria ataukubali. Sisi ambao taarifa nzima ya mwezi hutosha katika kijisanduku cha ukubwa wa kiganja, na ambao tumekwisha kuona yaliyowapata wenzetu, hatutakuwa na udhuru wa namna hiyo. Na Mabunge yetu, yaliyowahi kujadili kwa siku nyingi nani aonyeshwe katika televisheni na nani asionyeshwe, yana deni la kutenga kikao cha kuamua ni nani atakayetunza kilichokwisha kuonyeshwa.